Subaru, gari lenye jina la kilimia

Wasikilizaji wetu mnaotazama kilimia kujua msimu wa kupanda, Subaru ni jina la Kijapani la nyota hizo hizo. Ndizo zile sita kwenye nembo. Kampuni yake iliundwa mwaka 1953 kutokana na kiwanda cha ndege cha Nakajima, na Subaru 360 ikatoka mwaka 1958.

Wenye nazo husifu zinavyopita kwenye tope, kwani nyingi huvuta kwa magurudumu yote manne. Lawama ni mafuta: zinakunywa! Injini za zamani za lita 2.5 nazo zinajulikana kwa kuharibika gasketi ya silinda hedi. Kabla ya kulipia iliyotumika, iacheni iungurume mpaka ipate moto, kisha mchungulie tangi dogo la maji ya rejeta bila kufungua kifuniko. Mkiona mapovu hayaishi, msitoe hela.