Flickr, Mei 2013: Waliponyanyua Kelele, Nani Alikuwa na Haki?

Kila tovuti kubwa inapobadilisha sura, sisi waundaji programu huwa na jibu moja: "Watazoea." Nimelisema mwenyewe mara nyingi, na mara nyingi huwa kweli. Watumiaji hulalamika wiki mbili, kisha wanazoea, na ukijaribu kuwarudishia sura ya zamani wanaikataa hiyo nayo!

Leo nataka tuangalie kisa kimoja ambapo jibu hilo lilikuwa kweli nusu tu. Ni kisa cha Flickr, tovuti ya kuweka picha, na yaliyotokea tarehe 20 Mei 2013. Sasa ni historia, na uzuri wa historia ni kwamba tunajua ilivyoishia.

Tuanze mwanzo. Flickr haikuzaliwa kama tovuti ya picha. Kampuni ndogo ya Ludicorp, ya Stewart Butterfield na Caterina Fake huko Vancouver, Kanada, ilikuwa ikiunda mchezo wa kuchezwa na watu wengi mtandaoni, jina lake Game Neverending. Mchezo haukufika mbali. Lakini katika vifaa walivyokuwa wameviunda mlikuwa na kitu cha kupeana picha huku watu wakizungumza. Wakakitoa peke yake mnamo Februari 2004. Mchezo ukafa, picha zikabaki.

Asili hiyo ilionekana wazi kwenye tovuti yenyewe. Ukifungua ukurasa wa picha katika Flickr ya zamani ulikuta picha ya ukubwa wa wastani, si kubwa. Juu yake kichwa, chini yake maelezo ya mwenye picha, chini zaidi maoni ya watu, na pembeni lebo pamoja na majina ya vikundi ambavyo picha ile imo. Uliweza hata kuchora kimraba juu ya picha na kuandika maneno ndani yake, kwa mfano "huyu ndiye shangazi". Picha ilikuwa kisingizio cha mazungumzo. Mwaka huohuo wa 2004 wakafungua API, yaani mlango ambao programu za watu wengine hupitia kuchukua na kuleta data, nasi wa fani hii tukawapenda zaidi.

Akaunti zilikuwa za aina mbili. Ya bure ilikuonyesha picha zako 200 za mwisho tu, nyingine zikafichwa mpaka ulipe. Ya kulipia iliitwa Pro, na kwa miaka mingi bei yake ilikuwa dola 24.95 kwa mwaka. Anayelipa aliwekewa kibandiko kidogo cha "pro" karibu na jina lake. Tafadhali kikumbuke kibandiko hicho, tutakirudia.

Machi 2005 Yahoo ikainunua Flickr. Kabla ya kufika 2013 kulikuwa na makelele mengine mawili yanayofaa kutajwa, maana ndiyo yaliyowafundisha wakubwa wa Yahoo somo lisilo sahihi.

La kwanza ni la kuingia. Tarehe 31 Januari 2007 wanachama wa zamani, wale waliojiandikisha kabla ya Yahoo, waliambiwa kwamba kufikia 15 Machi lazima watumie akaunti ya Yahoo, la sivyo hawaingii. Tangazo hilo likaja pamoja na mipaka mipya: marafiki wasizidi 3,000, lebo zisizidi 75 kwa picha moja. Watu walikasirika kwelikweli. Baadhi walikuwa wametishia kuhama tangu 2005. Wengi wakabaki.

La pili ni la video. Aprili 2008 Flickr iliwaruhusu wenye Pro kuweka video zisizozidi sekunde 90. Maelfu wakajiunga na vikundi vya kupinga, wakisema hii ni nyumba ya picha. Baada ya muda hasira zikapoa, kwa sababu kwa kweli hakuna alichopokonywa mtu. Kuliongezwa chumba, asiyetaka kuingia hakulazimishwa.

Kama ungekuwa meneja wa Yahoo ungehitimisha nini? Kwamba hawa ni watu wa kelele, waache, watatulia. Hapo ndipo kosa lilipoanza.

Wakati huohuo dunia ilikuwa inahama kutoka tarakilishi kwenda simu. Instagram ilianza Oktoba 2010, na Aprili 2012 Facebook ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni moja. Flickr ilikuwa imezubaa. Butterfield na Fake walikuwa wameondoka Yahoo tangu 2008. (Butterfield alirudi kuunda mchezo mwingine, Glitch, nao ukafa mwaka 2012, na kutoka kwenye mabaki yake ikatoka Slack. Bwana huyu akishindwa na mchezo, jihadhari!) Marissa Mayer alipochukua uongozi wa Yahoo, Julai 2012, wapenzi wa Flickr walimfungulia ukurasa wa mtandao wakimwomba aifanye Flickr iwe bora tena.

Nalisisitiza hili kwa sababu baadaye walalamikaji waliitwa watu wasiopenda mabadiliko. Si kweli. Mabadiliko waliyaomba wenyewe.

Basi ikafika tarehe 20 Mei 2013. Siku ileile Yahoo ilitangaza kuinunua Tumblr kwa dola bilioni 1.1, ikiwaahidi watu wa Tumblr kwamba haitawaharibia. Watu wa Flickr wakafungua kurasa zao na kukuta vitu vitatu.

Kwanza, sura. Picha kubwa zimejazwa ukurasa mzima, zimebanana kama matofali, ukishuka zinaendelea kuja bila mwisho. Kwenye ukurasa wako wa picha, kichwa cha picha hukioni mpaka upitishe kipanya juu yake. Ukifungua picha moja, imekaa kwenye uwanja mweusi, na maneno yote yamesukumwa chini.

Pili, nafasi. Kila mtu alipewa terabaiti moja bure. Kwa hesabu ya Yahoo hiyo ilitosha zaidi ya picha nusu milioni.

Tatu, bei. Pro haikuuzwa tena kwa wateja wapya. Badala yake kulikuwa na akaunti ya dola 49.99 kwa mwaka ya kukuondolea matangazo tu, na nyingine ya dola 499.99 ya kukuongezea terabaiti ya pili. Ndiyo, umesoma vizuri, karibu dola mia tano.

Siku hiyo Mayer alipoulizwa kuhusu Pro, alijibu kwa namna iliyoeleweka kwamba siku hizi hakuna tena mpiga picha wa kazi, maana kila mtu ana kamera. Wanaokula kwa kamera zao hawakufurahi, na ikabidi aombe radhi.

Malalamiko yalimiminika kwa maelfu. Ukiyapanga utaona ni ya aina mbili, na hapa ndipo penye somo.

Aina ya kwanza ni ya macho na mashine. "Kumebanana." "Naona kizunguzungu." "Ukurasa ni mzito." Hili la uzito halikuwa la kupuuza. Ni kweli nyaya za baharini zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009 na mtandao wetu ukawa bora, lakini mtu aliyekuwa akinunua bando la modemu mwaka 2013 alijua gharama ya ukurasa unaopakia picha kubwa bila kuulizwa. Aliyeunda ukurasa ule alikuwa kwenye laini ya ofisi.

Aina ya pili ni ya makubaliano. Maneno yangu yamefichwa. Mimi niliyelipa miaka yote hii nimefanywa sawa na asiyelipa, kisha nasikia hata jina la nilichonunua halina maana tena. Kile kibandiko cha "pro" hakikuwa pambo. Kilisema: huyu ndiye anayeilipia nyumba hii. Baada ya 20 Mei anayeilipia nyumba akawa mwenye matangazo, na mpiga picha akawa mtu wa kuvuta macho ya watazamaji.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yahoo haikukosea yote. Flickr ya zamani ilikuwa imechakaa, picha zilionekana ndogo mno kwenye vioo vipya, na ule ukomo wa picha 200 ulikuwa unawafukuza watu. Kitu kilipaswa kufanyika.

Sasa tuone ilivyoishia.

Sura ilizoeleka. Mpangilio ule wa picha zilizobanana ndio Flickr inaoutumia mpaka leo, na tovuti nyingine nyingi zinapanga picha vivyo hivyo. Hapo waliosema "watazoea" walipatia.

Makubaliano hayakuzoeleka. Julai 2015 Yahoo ilirudisha Pro, pamoja na kibandiko chake. Walichokiondoa kwa kishindo walikirudisha baada ya miaka miwili.

Na ile terabaiti? Juni 2017 Verizon ilikamilisha kuinunua Yahoo, na Aprili 2018 Flickr ikauzwa kwa SmugMug, kampuni ya kifamilia ya Marekani ambayo wateja wake hulipa. Tarehe 1 Novemba 2018 SmugMug ilitangaza kwamba akaunti ya bure itabaki na picha 1,000 tu, na zinazozidi zitaanza kufutwa mwezi Februari 2019. Baadaye waliisogeza tarehe hiyo hadi Machi ili watu wapate muda wa kupakua zao. Sababu waliyoitoa ni hii: terabaiti ya bure iliwavuta watu wanaotafuta ghala, si watu wanaopenda picha na kuzungumza juu ya picha, na matangazo yalifanya mwenye tangazo awe muhimu kuliko mwanachama. Yaani mwenye nyumba mpya alisema karibu yaleyale waliyosema walalamikaji wa 2013!

Rahisi ghali, wahenga walisema. Mtu aliyeiamini ile terabaiti akaweka picha za miaka mitano, za harusi na za watoto, alijikuta ana miezi michache ya kuamua: alipe, ahamishe, au zifutwe. Hata hivyo shida ya pesa haikuisha. Desemba 2019 mkuu wa SmugMug, Don MacAskill, aliwaandikia watu akisema wazi kwamba Flickr bado inapata hasara, na akaomba wengi zaidi wajiunge na Pro. Ona mzunguko huo: mwaka 2013 wanaolipa waliambiwa hakuna haja yao, mwaka 2019 wanaombwa waokoe jahazi.

Kwa nini namsumbua msomaji na haya? Kwa sababu nilifanya kosa hilohilo kwa kipimo kidogo. Niliwahi kuitengenezea ofisi moja upya skrini ya kupokea malipo. Nilibadilisha rangi, nikapanga upya vitufe, na nikaondoa kisanduku cha "Maelezo", maana hakuna ripoti hata moja iliyokitumia. Simu zikaanza siku ya kwanza. Nilisema moyoni, watazoea. Rangi na vitufe walivizoea kwa siku tatu. Lakini karani mmoja, mama wa makamo, alinipigia tena wiki ya pili, kwa upole tu: "Mwanangu, sasa nitaandika wapi kwamba pesa hizi kaleta mtoto kwa niaba ya babake?" Kile kisanduku ndicho kilichokuwa kumbukumbu yao mtu akija kubisha. Kwenye hifadhidata kilikuwa safu ya maandishi isiyo na kazi. Kwao kilikuwa ushahidi. Nilikirudisha jioni ileile.

Tangu hapo, kabla ya kugusa skrini ya mtu huandika orodha mbili. Ya kwanza ni ya vitu vinavyobadilika. Ya pili ni ya vitu vinavyoondoka: maneno, cheo, ahadi, bei, haki ya kuingia. Watu wakilalamikia vya orodha ya kwanza, nawaomba uvumilivu. Wakilalamikia cha orodha ya pili hata mtu mmoja, naacha kazi nyingine na kumsikiliza, kwa sababu pengine ndiye anayejua kile kitu kilikuwa cha nini.

Yahoo ilipata orodha yake ya pili bure, imeandikwa na wateja wake, katika wiki ya kwanza. Ingeisoma, isingehitaji miaka miwili kuirudisha Pro.

Nawe je, ni tovuti gini au programu gani iliyowahi kukubadilikia ukiwa ndani, na walikuchukulia nini? Niandikie hapo chini. Na kama picha zako ziko mahali pamoja tu, hasa mahali pa bure, zipakue wikendi hii.