Nani Anayepunguzwa?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inafasili neno la Kiingereza "redundancy" kuwa ni kupoteza kazi bila hiari na bila kosa la mfanyakazi, kwa uamuzi wa mwajiri, pale huduma yake inapokuwa imezidi mahitaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inafika palepale kwa njia nyingine: inazungumzia kusitisha ajira kwa mahitaji ya uendeshaji, yaani mahitaji ya kiuchumi, ya kiteknolojia, ya kimuundo na yanayofanana na hayo. Zote mbili zinakubaliana kwamba mfanyakazi hana hatia. Hakuiba, hakuchelewa, hakumtukana msimamizi. Sasa tutafute Kiswahili chake. Magazeti ya Kenya yatakuambia fulani amefutwa kazi au, siku mhariri akiwa mchangamfu, amepigwa kalamu. Dar es Salaam watasema amepunguzwa. Mtaani, pande zote mbili za mpaka, amefukuzwa tu.

"Kufukuzwa" tuliache, linanuka makosa. "Kufutwa kazi" ndilo la kutazamwa kwa karibu. Ukisema "kazi imefutwa," kiima ni kazi. Ukisema "Juma amefutwa kazi," kiima ni Juma, na kazi imesukumwa nyuma ya kitenzi kama yambwa. Sentensi hiyo moja inamtosha karani aliyekamatwa na mkono ndani ya sanduku la fedha, na inamtosha pia karani ambaye meza yake imechukuliwa na programu ya kompyuta. Sheria inawatenganisha, lugha imewafunga kamba moja. "Kupunguzwa" kuna staha zaidi. Tangu enzi za kubinafsisha mashirika ya umma, Mtanzania akisema "nilipunguzwa" hakuna anayemuuliza aliiba nini. Hata hivyo, hapo pia anayepunguzwa ni mtu, na ndipo ninapoachana na mazoea. Kinachotakiwa kupungua kwanza ni nafasi ya kazi. Mtu huondoka kwa sababu nafasi haipo. Kwa hiyo istilahi ninayoitetea ni "upunguzaji wa nafasi za kazi". Sisemi "ufutaji wa nafasi", kwa kuwa kampuni yenye madereva kumi ikibakiza sita haijafuta udereva, imepunguza idadi yake.

Mpangilio huu wa maneno unafuata mpangilio wa maswali ambayo mwajiri lazima ayajibu. Kenya, anatakiwa kutoa notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa ofisa wa kazi, akieleza sababu na ukubwa wa zoezi. Baada ya hapo ndipo achague nani aondoke, kwa kuzingatia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemeka. Tanzania, anatakiwa kutangaza kusudio lake mapema iwezekanavyo, kutoa taarifa zote zinazohusika na kufanya mashauriano kabla ya kuamua. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yeye ndiye atakayethibitisha kwamba usitishaji ulikuwa wa haki. Nafasi hutangulia, jina hufuata. Anayesema "kupunguza wafanyakazi" huanza na majina, kisha huitafuta sababu. Nalo si suala la wanaisimu peke yao: mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo neno lililoandikwa kwenye barua ya ofisa utumishi ndilo litakalosomwa na mwamuzi.

Nitaambiwa kwamba watu wamekwisha kuzoea "kupunguzwa," na istilahi haizuii mazoea. Kweli, na mtaani waendelee nalo. Lakini mazoea yana gharama yake, kama inavyoonekana kwenye malipo. Wengi huita "kiinua mgongo" kila fedha ya kuagia kazini, ilhali malipo ya kusitishiwa ajira yana hesabu yake ya kisheria: Kenya si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, Tanzania si chini ya siku 7 za mshahara wa msingi, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Aliyetumikia miaka minane atadai siku 120 huku na 56 kule. Anayedai "kiinua mgongo" bila kujua ni kipi anaweza kupewa chochote na kushukuru.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba "upunguzaji wa nafasi" ni kauli ya kupaka asali: inamficha bosi, kana kwamba nafasi zimejipunguza zenyewe kama maji kupwa. Hofu hiyo ina msingi. Lakini tazama kinachotokea kauli hiyo inapopimwa. Dereva anapewa barua leo. Wiki mbili baadaye yuko kwenye lori lilelile, njia ileile, isipokuwa sare ni ya kampuni ya wakala na mshahara umeshuka. Barua iliyosema "tumepunguza wafanyakazi" haina uongo ndani yake, maana kwenye orodha ya mishahara ya kampuni yule dereva hayumo. Iliyosema "tumepunguza nafasi" italazimika kueleza lile lori linaendeshwa na nani.