Masi ya moli

Masi ya moli ni masi ya moli moja ya dutu fulani, iwe elementi au kampaundi. Hutajwa kwa gramu kwa moli (g/mol). Tangu mwaka 2019 moli moja imefafanuliwa kuwa chembe 6.02214076 × 10²³ kamili.

Atomi na molekuli ni ndogo mno kuhesabiwa moja moja, hivyo wanakemia hupima dutu kwa mizani, kisha hutumia masi ya moli kupata idadi ya moli.

== Ukokotoaji ==
# Andika fomula ya kampaundi.
# Hesabu atomi za kila elementi. Namba iliyo nje ya mabano huzidisha kila atomi iliyo ndani ya mabano.
# Zidisha idadi hiyo kwa masi atomia ya elementi, inayopatikana katika mfumo radidia.
# Jumlisha majibu yote.

Mfano: kalsiamu hidroksidi, Ca(OH)₂, ina Ca 1, O 2 na H 2:

40 + (2 × 16) + (2 × 1) = 74 g/mol

Mwanafunzi akizidisha H peke yake na kuiacha O, atapata 58, jibu lisilo sahihi.

== Maji ya fuwele ==
Baadhi ya chumvi hubeba molekuli za maji ndani ya fuwele zake. Nukta katika fomula huonyesha maji hayo. Haina maana ya kuzidisha. Masi ya maji hujumlishwa na masi ya chumvi.

Mfano ni sodiamu sitrati, Na₃C₆H₅O₇·2H₂O:
* Na: 3 × 23 = 69
* C: 6 × 12 = 72
* H: 5 × 1 = 5
* O: 7 × 16 = 112
* Maji: 2 × 18 = 36

Jumla ni 294 g/mol. Bila maji ni 258 g/mol.

== Umuhimu ==
Chumvi hiyo hutumika katika dawa ya ORS, wanayopewa wagonjwa wa kuharisha. Kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani, lita moja ya ORS ina gramu 2.9 za sitrati hiyo, yaani takriban moli 0.01. Mtengenezaji akikokotoa kwa 258 huku chumvi aliyo nayo ina maji, atapima gramu 2.58 tu. Sitrati itapungua kwa takriban asilimia 12, na sodiamu anayohitaji mgonjwa itapungua pia. Kwa hiyo fomula iliyoandikwa kwenye lebo ya chupa husomwa yote kabla ya kupima.