Makumbusho ya Wasukuma

Makumbusho ya Wasukuma (pia: Makumbusho ya Bujora) ni makumbusho ya utamaduni yaliyopo Bujora, Kisesa, katika wilaya ya Magu, takriban kilomita 20 mashariki kwa jiji la Mwanza, Tanzania. Yanahifadhi sanaa na kazi za mikono za Wasukuma, ambao huishi pia katika mikoa ya Shinyanga, Simiyu na Geita.

Historia

Yalianzishwa mwaka 1968 na padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, kwenye eneo la parokia ya Kikatoliki ya Bujora. Miaka mitano kabla ya hapo, yaani 1963, serikali ya Tanganyika ilikuwa imefuta utawala wa machifu. Usukuma ulikuwa na watemi wengi, na ngoma, vigoda na mavazi yao yalikuwa alama za madaraka, si mapambo. Madaraka yalipoondoka, vitu hivyo vilibaki bila kazi. Vingeweza kuuzwa au kuliwa na mchwa. Sehemu yake imehifadhiwa katika banda la watemi, lililojengwa kwa umbo la kigoda cha enzi.

Uhunzi

Kati ya nyumba za maonyesho kuna ya mganga na ya mhunzi. Ile ya mhunzi hupitwa haraka na wageni, ingawa ina historia ndefu. Geita leo husifika kwa dhahabu, lakini kabla ya ukoloni upande huo ulijulikana kwa chuma. Mafundi walioitwa Warongo waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyouzwa Usukuma na kutumika hata kama fedha. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipoenea, tanuri zilizimika, na wahunzi waliobaki wakafua vyuma chakavu.

Ngoma

Ngoma za kuchezwa haziwezi kutunzwa kabatini. Kila mwaka, mnamo Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, hufanyika mashindano ya Bulabo. Vyama viwili vya jadi, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Kwa sababu ya ushindani huo bado kuna haja ya mafundi wa kuchonga na kuwamba ngoma. Katika bugobogobo, ngoma ya wakulima, wachezaji hurusha majembe juu na kuyadaka.