Malaika Walioanguka: Wakristo Wanakhitilafiana Nini, na Sisi Je?



Ndugu msomaji, ukitoka Msikiti wa Jamia baada ya Adhuhuri ukapitia Bustani ya Jeevanjee, ni nadra kukosa mhubiri, Biblia mkononi na watu wamemzunguka. Jioni ukipanda matatu ya Kawangware ukimbilie futari, huenda ukamkuta mwingine humo humo garini. Iko siku atataja malaika walioasi wakaoa binadamu. Utamjibu nini? Vijana wetu wengi hukurupuka kujibu, kumbe Wakristo wenyewe wamebishana juu ya jambo hilo kwa karne nyingi. Hebu tuifuate historia yake kidogo.

Mzizi wake ni kitabu cha Mwanzo, mlango wa 6. Hapo wanatajwa "wana wa Mungu" waliooa binti za wanadamu, na majitu waitwao Wanefili. Sasa hao wana ni nani? Kitabu cha Henoko, kilichoandikwa na Mayahudi kabla ya Nabii Isa (A.S.), kilisema ni malaika walioshuka, wakaoa, wakafundisha watu uchawi na kutengeneza silaha. Waraka wa Yuda, ulio ndani ya Agano Jipya, umenukuu kitabu hicho. Tertullian wa Carthage, karibu mwaka 200, alikitetea. Lakini Augustine, aliyefariki mwaka 430, alikataa. Yeye alisema hao ni watu tu, kizazi cha Sethi mwana wa Adam, waliooa katika kizazi cha Kaini. Wenye rai hii pia hutaja Injili ya Mathayo, kwamba malaika hawaoi. Rai hiyo ikashinda, na kitabu kizima kikapotea Ulaya.

Je, kilihifadhiwa wapi? Kwa jirani zetu, Uhabeshi! Nchi ile ile ambako Najashi aliwapokea Masahaba mwaka 615. Kanisa la Orthodox la Ethiopia linakihesabu katika Biblia yake ya vitabu 81, kwa lugha ya Ge'ez. Mskoti James Bruce alitoa nakala huko akazifikisha Ulaya mwaka 1773, na Richard Laurence akakitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1821. Baadaye vipande vyake vya Kiaramu vikapatikana katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kugunduliwa mwaka 1947. Basi anayekwambia "kanisa lilikificha" hajui historia. Tena huko huko Uhabeshi wapo wafasiri wa kanisa wanaosema waliokusudiwa ni kizazi cha Sethi.

Hapa Nairobi ubishi huo bado uko hai. Mashahidi wa Yehova hufundisha kuwa ni malaika waliojivika miili. Wasabato hufundisha kuwa ni kizazi cha Sethi. Unaweza kukuta majirani wawili wa ploti moja kule Kangemi, mlango ule ule wa Mwanzo, lakini kila mmoja ana jibu lake.

Lakini usicheke haraka, ndugu yangu. Na sisi tumekhitilafiana. Qur'an katika Sura Tahrim aya ya 6 inatufundisha kuwa malaika hawamuasi Allah (S.W.T.), na Sura Kahf aya ya 50 kuwa Iblis alikuwa miongoni mwa majini. Kwa hiyo Hasan al-Basri alikana kabisa kuwa Iblis aliwahi kuwa malaika. Hata hivyo zipo riwaya za Ibn Abbas (R.A.) kuwa alikuwa miongoni mwao, na Imam Tabari akaelekea huko. Kuhusu Harut na Marut, waliotajwa katika Sura Baqara aya ya 102, baadhi ya vitabu vya tafsiri vimebeba kisa cha kuwa walivutwa na mwanamke. Ibn Kathir alikichambua, akaona kinarejea kwenye habari za Bani Israil wala hakikuthibiti kutoka kwa Mtume (S.A.W.).

Pengine utasema, sasa haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana! Huu ni mwezi ulioteremshwa Qur'an, na aliyeileta ni malaika. Kama mjumbe huyo angeweza kuvutwa na matamanio, tungeitegemeaje amana aliyoibeba? Ndiyo maana Sura Shu'araa aya ya 193 ikamwita Jibril mwaminifu. Katika hilo wanazuoni wetu hawakukhitilafiana, hata waliotofautiana juu ya Iblis.

Basi siku ukikaa na jirani yako Mkristo, usimpige kwa khitilafu za kwao, maana na kwetu zipo. Mwulize kwa adabu yeye anasomaje, kisha mweleze itikadi yetu kuhusu malaika na sababu yake. Sura Ankabut aya ya 46 imetuamrisha tujadiliane na Watu wa Kitabu kwa njia iliyo bora. Na kabla ya kufungua mdomo, fungua kitabu.

Allah atutakabalie funga zetu na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin. Wallahu a'lam.