Frenchi Presi Wanaiita ya Kishua, Kumbe Historia Yake Ni Hii

Pale Mhunze, makao makuu ya wilaya ya Kishapu, ukitaja kahawa watu wanawaza vitu viwili. Birika juu ya mkaa jioni, wazee kwenye drafti, kikombe kidogo na kashata pembeni. Au kopo la kahawa ya unga: maji moto, koroga, sepa. Siku hizi mitandaoni imeingia ya tatu, ile glasi ndefu yenye chujio la chuma unalolisukuma chini taratibu. Vijana wanaiita ya kishua.

Ushua wenyewe wala haupo. Mwaka 1852 Wafaransa wawili walisajili wazo la kusukuma chujio ndani ya chombo cha kahawa. Tatizo, chujio halikubana vizuri kwenye kuta, machicha yakawa yanapenya pembeni. Mpaka 1929 ndipo Wataliano wawili wa Milan wakasajili la kwao lililobana sawasawa. Yaani jina limebaki la Mfaransa, kazi kubwa kafanya Mtaliano! Hakuna umeme, hakuna mashine. Kuchemsha, kusubiri, kuchuja, basi.

Sasa kahawa yenyewe. Ng'ambo ya ziwa, kule Bukoba, Wahaya walikuwa nayo muda mrefu kabla ya Wajerumani kufika. Hawakuinywa, waliitafuna. Matunda yalichemshwa na majani ya kunukia, yakakaushwa, mgeni akifika anapewa. Hata watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa kuchanjiana, punje za kahawa zilipakwa damu yao, kila mmoja akameza ya mwenzake. Kwa hiyo anayesema kahawa ni mambo ya wazungu, hapo anapigwa.

Mkoloni alipoigeuza kuwa zao la biashara, ikaanza kusafiri. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na inapita Shinyanga. Kahawa ya Bukoba ikawa inavuka ziwa kwa meli, inapakiwa treni kwenda bandarini Dar. Piga picha: magunia yanapita Shinyanga usiku, hakuna anayeonja. Msukuma analima pamba, kahawa inampita. (Almasi ya Mwadui nayo iko Kishapu hiyohiyo, na wenyeji walioivaa sijui kama wanajaza daladala. Tuiache hiyo.)

Miaka ya 1960 Bukoba ikapata kiwanda cha TANICA cha kahawa ya unga. Hapo ndipo kahawa iliporudi majumbani, ila ndani ya kopo, ikiwa imeshapikwa na kukaushwa na mtu mwingine. Ni rahisi, haina lawama. Lakini kizazi kizima kikakua kikijua hiyo ndiyo ladha ya kahawa, wakati mpaka leo sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania inauzwa nje ikiwa punje.

Hapo ndipo frenchi presi inapoingia. Ukipata punje zilizokaangwa, hata kinu cha mama kinatosha. Usitwange mpaka iwe laini kama sembe, iache chengachenga. Ikiwa laini, tope linapita kwenye chujio, na ukisukuma inagoma. Ukilazimisha, maji moto yanakurukia mkononi. Vijiko vikubwa viwili kwa kikombe cha chai. Maji yachemke, yaache nusu dakika, mimina, koroga, funika dakika 4. Sukuma polepole, kisha mimina yote, maana ikikaa humo inazidi kuwa chungu.

Na kama glasi yenyewe huna, chukua jagi, subiri dakika zilezile 4, pitisha kwenye chujio la chai. Machicha machache yatabaki chini ya kikombe, kama ilivyokuwa kwa wale Wafaransa wa 1852.