Omande, Kito cha Umwami wa Bayeke

Kila mwaka tarehe 20 Desemba ikikaribia, Bayeke wa Lubumbashi hushika njia ya Bunkeya kumkumbuka Mwami Msiri, mfalme wao aliyeuawa siku hiyo mwaka 1891. Historia ya umwami wao husimuliwa zaidi kwa vita na shaba. Mimi naona ieleweke pia kwa omande.

Omande ni duara jeupe lililokatwa kwenye kitako cha gamba la konokono wa Bahari ya Hindi, likasuguliwa hadi likalainika. Katanga, nchi ya Bayeke, ilijaa shaba, na bangili za shaba zilivaliwa na watu wengi. Gamba lilitoka mbali sana, likapita mikono mingi, ndiyo maana likawa la wakubwa. Mwaka 1854 Mtemi Shinte, karibu na mpaka wa leo wa Zambia na Angola, alimvika Livingstone kipande cha namna hiyo shingoni. Livingstone aliandika kwamba viwili viliweza kumnunua mtumwa, na vitano vilikuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu. Thamani hiyo ina uchungu ndani yake, na hatuna haki ya kuificha tunapousifu uzuri wa kito.

Msiri, mwana wa Kalasa, alitoka Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo, akiifuata njia ya biashara ya baba yake. Katikati ya karne ya 19 aliweka makao Katanga, akajenga dola la Garenganze na mji wake mkuu Bunkeya. Omande ilikuwa alama ya utawala wake. Machifu waliokuwa chini yake walivikwa yao, na aliyeipokea alijua kwamba anawiwa ushuru, hasa pembe za ndovu. Kwa hiyo kito hiki hakikuwa pambo la nyumba ya mfalme tu: kiliwafunga watu wa makabila mbalimbali kwenye kiti kimoja.

Tarehe 20 Desemba 1891, Kapteni Omer Bodson, wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold II, alimpiga Msiri risasi. Bodson naye alijeruhiwa katika mapambano hayo, akafa. Kichwa cha Mwami kilikatwa, na hadi leo watu wanauliza kiliko. Lakini umwami haukufa. Mwanawe Mukanda Bantu aliushika hadi 1910, mwaka ule ule Élisabethville, Lubumbashi yetu, ilipoanza kujengwa. Kitanika akafuata hadi 1940, kisha Musamfya Ntanga hadi 1956, kisha Antoine Mwenda Munongo. Nduguye Godefroid, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga mwaka 1960, akapokea kiti 1976 na kufariki 1992.

Katika orodha hiyo kuna wakati wa Ubelgiji, wa kujitenga na wa Mobutu. Ninachokiheshimu ni kwamba heshima ya omande iko kwenye kiti. Mwami huishika kwa zamu yake, na akiondoka, hubaki kwa atakayefuata.

Antoine Mwenda Munongo aliandika historia ya Bayeke kwa Kifaransa, ikachapishwa hapa Lubumbashi mwaka 1967. Wajukuu wa Bayeke wanaokua katika mitaa ya Kamalondo na Kenya hapa Lubumbashi wanazungumza Kiswahili nyumbani na sokoni. Natamani kitabu hicho wakipate kwa Kiswahili, kabla wazee wanaoweza kuwaeleza yaliyomo hawajaondoka.